Ngazi Isiyofika Ghorofani

Jumatatu, 3 Juni

Barua kutoka Bodi ya Wahandisi! Nikadhani wananipa tuzo. Nikamwita mke wangu aje asikie. Nikamwita na shemeji, mdogo wake, aliyekuja kututembelea wiki moja na sasa ana kabati lake. Nikasoma kwa sauti. Sikufika mbali.

Nimeshtakiwa. Mimi! Mwalimu Mkuu wa shule moja anadai ngazi ya jengo lake jipya haifiki ghorofani. Eti inakomea chini ya sakafu, pengo la kimo cha meza, na wanafunzi wanamalizia kwa kuparamia. Kamati ya nidhamu itanisikiliza Jumatatu ijayo. Nikishindwa, leseni imekwenda. Bila leseni mimi si Mhandisi tena, ni mzee fulani tu mwenye kofia ya plastiki. Na mama mkwe, ambaye tangu harusi hajaniita jina lingine ila Mhandisi, ataniitaje?

Mke wangu aliuliza kama niliutazama mchoro kabla ya kuugonga muhuri. Swali la ajabu. Nikamweleza kwamba mhandisi mwenye uzoefu hatazami. Anaamini.

Hapa kuna mkono wa mtu. Ni Pimamaji, mhandisi mwenzangu, tunayemwita hivyo kwa sababu haendi popote bila pimamaji lake, kile kifaa cha kupimia usawa, hata msibani. Ananionea gere tangu chuoni.

Jumanne, 4 Juni

Dawa nimeipata. Kama ngazi ni fupi, irefushwe kimyakimya. Kamati ikienda kukagua, haioni kitu, kesi imekufa! Nikaenda kwa seremala. Akaomba vipimo vya vipandio. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaomba tena. Nikamuuliza mhandisi ni nani kati yetu.

Wanafunzi walipoondoka, mimi na shemeji tukaingia na kupigilia vipandio vyetu vya mbao. Kazi safi. Shemeji alisema anaona kama vimezidi. Nikamwambia ashike msumari.

Jumatano, 5 Juni

Vimezidi.

Mwalimu Mkuu amepiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema zamani watoto walipanda kisha wakaparamia. Sasa wanapanda, wanaipita sakafu, halafu wanaruka chini ili waingie darasani. Anayefurahi ni mwalimu wa michezo peke yake. Amepeleka malalamiko ya pili. Nikamuuliza kwa heshima zote kama haiwezekani kuinua sakafu kidogo. Akakata simu.

Naogopa, basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Juni

Kosa ni la mchoraji wa ramani! Sijui kwa nini sikuliona mapema. Nikamvamia ofisini, damu inachemka, nikamtaka aende kwenye kamati akakiri. Hakubisha. Alikunjua mchoro mezani. Katikati, kwa wino mwekundu na herufi kubwa kama za bango la duka: HAUJAKAMILIKA, USIGONGWE MUHURI. Na juu ya maneno hayo, muhuri wangu. Umekaa sawasawa kabisa, haukupinda hata kidogo.

Nikamshukuru, nikatoka mbio. Utetezi si ndio huo! Maneno yamefunikwa na muhuri. Yaliyofunikwa hayasomeki. Yasiyosomeka siwezi kuyatii. Mke wangu alisema yalifunikwa baada ya mimi kugonga. Anafundisha hesabu, hawezi kuelewa mambo ya kitaalamu.

Jumatatu, 10 Juni

Siku yenyewe. Suti. Tai ya harusi. Muhuri mfukoni, kwa kujiamini.

Chumba kidogo, meza ndefu, Mwalimu Mkuu kwenye kona na mkoba mapajani. Kati ya wanakamati, nani? Pimamaji! Kabla sijafungua mdomo aliweka pimamaji lake mezani, akatangaza kwamba meza imeinamia upande wangu. Tukapoteza muda tukiingiza karatasi chini ya mguu wa meza. Nikaona hapo nimeshamalizwa.

Mwenyekiti alinipa hati ya mashtaka niisome. Kurasa nne. Nilinuia kuisoma, haki ya nani. Lakini karatasi ilitua mbele yangu, watu wazima wananisubiri, na mkono wangu una mazoea yake. Ukaingia mfukoni. Ukatoka. Pwa! Nikatia na sahihi.

Mwenyekiti akaivuta hati, akasoma kilichoandikwa kwenye muhuri: NIMEKAGUA NA KURIDHIKA. Akauliza kama nimeridhika kweli na mashtaka yote mawili. Nikaanza utetezi wa maneno yaliyofunikwa, lakini mwanakamati mmoja alikuwa ameshainamia meza, mabega yanamtetemeka. Mwalimu Mkuu naye alijificha nyuma ya mkoba wake. Nikawa mdogo kama sisimizi. Mwenyekiti akanishukuru kwa kuwafupishia kikao.

Jumanne, 11 Juni

Hukumu. Muhuri umechukuliwa, leseni imesimamishwa. Ngazi itajengwa upya, naye atakayeisimamia ni Pimamaji. Wengine walitaka nifutwe kabisa. Inasemekana Pimamaji ndiye aliyeniombea nafasi ya mwisho. Mnafiki mkubwa!

Nafasi yenyewe ni semina ya maadili, siku mbili, hapo hapo Bodi. Mada ni moja tu: kutotia jina lako kwenye kazi usiyoifanya. Nikihudhuria na kufaulu mtihani, narudishiwa kila kitu. Nisipofaulu, kwaheri.

Nililia garini. Kidogo tu. Shemeji alinipa leso, kumbe ni kitambaa cha kufutia kioo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefaulu! Leseni imerudi, muhuri umerudi, cheti kiko ukutani. Nimekuwa wa kwanza darasani. Mkufunzi amesema hajawahi kuona mwanafunzi makini kama mimi, anayeuliza maswali hadi watu wanachelewa chakula.

Mama mkwe amepiga simu kumpongeza Mhandisi. Nimempokea kwa sauti nzito.

Mke wangu amekitazama cheti kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza nimejifunza nini hasa siku hizo mbili. Nikamwambia avute subira, shemeji yuko bafuni, akitoka atamweleza.