Karani wa Misumari

Abubakari Saadi,
Mwita-Pedeli (Mstaafu kwa Lazima),
Tarime.

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Wafumaji Tusichoke,
Tarime.

YAH: KUACHISHWA KAZI KWA KARANI

Ndugu Mwenyekiti, mwanangu Felista,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini natanguliza jibu nisije nikalikosa kabisa, maana katika kikundi chako salamu kwa wazee zimeadimika tangu kile chombo kiingie.

Kwa heshima zote naomba chombo alichotengeneza fundi Joram, kile cha kuinua nyuzi kwenye kitanda cha kufumia, kiondolewe kabla ya Ijumaa. Miaka thelathini na moja nimeketi kando ya kitanda hicho nikiwaitia wafumaji pedeli za kukanyaga: moja, tatu, mbili, nne. Nakshi tisa zote zilikuwa kichwani mwangu. Mimi si Mkurya, lakini mliniita Mwita, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuita, na jina hilo nililipenda. Sasa kila nakshi ina mnyororo wake wa baiskeli, uliofungwa vibao vyenye misumari. Mfumaji anakanyaga pedeli moja tu, mnyororo unasogea, msumari unasukuma, fremu ya nyuzi inapanda. Mimi naambiwa nipumzike. Nani aliwaambia nimechoka? Malalamiko yangu ni haya:

1. Jina lake. Mfumaji wako Eunice alinipigia simu kwamba kikundi kimepata karani. Nilivaa koti, nikachana ndevu, nikaketi kwenye benchi dakika arobaini nikimngoja huyo mgeni aje aniamkie. Mlipofunua turubai mkasema Karani ndiye huyu, mkacheka wote. Nami nilicheka, kwa adabu. Karani gani asiyejua shikamoo?

2. Ukoo wake. Joram ametoka Nyakunguru, alikokuwa akitengeneza makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Springi za Karani zimetoka kwenye bodaboda iliyoingia mtaroni. Mtoto wa karasha na ajali hawezi kuaminiwa kitambaa cha harusi.

3. Wizi. Joram alikuja kwangu na kilo mbili za sukari, akaomba nimtajie nakshi zote kwa ajili ya kumbukumbu. Nilizitaja siku tatu, naye akaandika daftarini, huku mimi nikidhani natungiwa kitabu. Kumbe kila nilipotamka tatu, mwenzangu anahesabu misumari! Ulimi wangu umepigiliwa kwenye mbao za mkaratusi, na sukari yenyewe imekwisha.

4. Hakosei. Kitambaa kisicho na kosa, mnunuzi atajuaje kama kimefumwa na mtu? Ni kweli kwamba kitambaa cha mwisho nilichokiita mimi, kile cha nakshi ya Nyayo za Kwale, kilitoka na kwale anayechechemea. Nilishasema na narudia: Eunice hakusikia vizuri. Huwa anaimba kwaya kichwani akiwa kazini.

5. Sasa anaimba kwa sauti. Tangu Karani aje hakuna anayelazimika kunyamaza ili anisikie, basi chumba kizima kinaimba, Tabitha anasimulia umbea wa kijijini Genkuru toka asubuhi, na kazi inakwisha mapema. Kikundi cha watu wenye furaha namna hiyo kitaheshimiwa na nani?

6. Mwisho wake. Ikiwa vibao vinaweza kushika kumbukumbu ya mzee, basi tusiishie hapo. Joram atengeneze karani wa kikao cha wazee, awekwe kwenye kigoda, na kila akikanyagwa pedeli atikise kichwa kukataa. Atengeneze wa kupokea mahari, msumari mmoja ng'ombe mmoja. Atengeneze na wa kunililia mimi msibani, ili ninyi msikatize nyimbo zenu. Hili la mwisho linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Kwa hiyo naomba misumari yote ing'olewe, vibao vichemshiwe chai, Joram arudi kwenye makarasha yake, na makopo ya rangi mliyoyapanga juu ya kiti changu yatafutiwe kwao.

Msalimie mama yako, Tabitha, Eunice na kwaya yake, na yule paka anayelalia nyuzi. Joram asisalimiwe.

Ni mimi niliyeziita nyuzi mpaka zikawa na adabu,
Abubakari Saadi

Tanbihi: Nilitaka kuambatanisha Nyayo za Kwale kwa maandishi, hatua zote ishirini na nne, iwe ushahidi kwamba kikundi hakimhitaji Karani. Nakshi hiyo aliitunga marehemu mke wangu, Kuruthumu, na hakuiandika popote. Nimefika hatua ya kumi na moja nikakwama. Nimejaribu tangu alfajiri, hata kwa kukanyaga sakafu. Eunice alisikia vizuri siku ile. Ni mimi niliyeita vibaya. Kwa hiyo misumari isiguswe. Ule wa kibao cha kumi na mbili, kwenye mnyororo wa Kuruthumu, niliulegeza mimi juzi kwa koleo, kwa hasira. Joram aurudishe leo leo kama daftari lake linavyosema, nawe umpe salamu zangu. Jumatatu nakuja kukanyaga pedeli mwenyewe. Karani asisumbuke, shikamoo nitatoa mimi.