Mgomo Wangu Dhidi ya Mama Yake Tufani

Jumatatu, 3 Machi

Msiba. Jarida la katuni la Tufani limeanzishwa upya, kuanzia namba moja, kana kwamba yale matoleo mia nne na sita yaliyo chini ya kitanda changu yalikuwa mazoezi. Mwandishi mpya, mchoraji mpya. Na jalada! Tufani, aliyezuia mafuriko kwa mikono miwili, ameketi kwenye kigoda, ametulia kama mtoto anayenyolewa. Nyuma yake bibi kizee mwenye sindano anamshonea joho. Chini wameandika: Kutana na mama yake.

Tufani hana mama. Alitoka kwenye radi. Kila mtu anajua, yaani mimi.

Nikaitisha kikao cha dharura cha Chama cha Wasomaji wa Tufani, ambacho mimi ni mwenyekiti wake tangu kianze. Wanachama wote walihudhuria, wote wanne. Watatu tunafanya kazi kliniki moja: mimi fundi wa miwani, dada wa mapokezi ambaye ni katibu, na daktari wa meno, makamu wangu, ambaye kimoyomoyo namwita Gego. Wa nne ni tarishi mstaafu, ambaye huja kupumzika kwenye benchi letu la wagonjwa. Nikatangaza mgomo. Hakuna kununua, hakuna kusoma. Gego akauliza kama si vizuri tusome kwanza. Nikamjibu kwamba mtaalamu wa macho humu ndani ni mimi, na nimeshaona ya kutosha.

Jumamosi ni uchaguzi. Gego anagombea. Nimeshamwona anavyokitazama kiti changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua. Lakini si ya kusoma! Siku zote hununua nakala mbili: ya kusoma, na ya akiba, ambayo hubaki ndani ya nailoni yake na haifunguliwi mpaka kiama. Kukata mfululizo wa akiba sina ubavu huo. Kwa hiyo nimenunua ya akiba peke yake, na mgomo uko palepale. Nilivaa miwani ya jua na barakoa. Muuza magazeti akanisalimia, karibu mwenyekiti, akauliza mbona leo moja tu.

Mke wangu, Mama Pacha, alinikuta nimelikumbatia. Nikamweleza utaratibu. Akasema, Baba Pacha, yaani kitu umekisusia, halafu umekinunua, halafu ulichokinunua huwezi kukisoma. Mambo yangu akiyasema yeye yanageuka ya kijinga. Sijui anafanyaje.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaandikia wachapishaji barua ya kurasa saba. Makosa ishirini na tisa, yote ya kwenye jalada. Kosa la kumi na moja: sindano imeshikwa vibaya. Tangu utotoni nimewaandikia barua zaidi ya mia na hawajajibu hata moja. Sina kinyongo. Ninacho.

Nilimsomea dada wa mapokezi. Akanitazama kwa mshangao, akaniuliza kama nimefika ukurasa wa mwisho wa jarida. Nikamwambia nimesoma kila neno. Limenitoka tu. Sasa itabidi nisome.

Mchana nikajifungia karakana. Nikaiinua nakala mbele ya taa ya kukagulia lenzi, nikaibinya pembe ndani ya nailoni na kuchungulia kwa kioo cha kukuzia. Dakika arobaini. Nimefanikiwa kusoma: "Mwanangu, kaa." Mzee aliyefuata miwani yake alichoka kusubiri, akaondoka akipapasa ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Gego ana nakala yake. Msaliti. Ameiweka kwenye rafu, karibu na sinki la kusukutulia. Mpango ukaja wenyewe: niende na jino linaloniuma, akitoka kidogo nisome.

Sikuwa na jino linaloniuma. Gego akanilaza, akachungulia, akasema pole sana kaka, umevumiliaje shimo kama hili. Kumbe ninalo. Nilipochomwa sindano ya ganzi akatoka kuchukua vifaa. Nikanyoosha mkono. Kiti chake kina kitufe upande uleule. Nikainuliwa miguu juu kichwa chini, na hivyo ndivyo alivyonikuta, jarida sakafuni, mimi natokwa na mate. Akaniuliza kama nataka kuliazima. Nikasema sipotezi muda na takataka. Kwa ile ganzi hata mimi sikusikia nimesema nini. Ameniziba jino vizuri, nakiri.

Jumamosi, 8 Machi

Uchaguzi. Nimetoa hotuba ya maisha yangu. Nilisema aliyembandikia Tufani mama hajui lolote, hajawahi kumpenda, na hafai kushika kalamu. Tarishi mstaafu alianza kukohoa. Nikadhani ameguswa.

Gego akatoa nakala yake. Alimwomba katibu asome ukurasa wa mwisho. Dada akasoma. Ilikuwa barua ya mtoto wa darasa la tatu: "Mpendwa Tufani. Joho lako likichanika nani anakushonea? Mimi shati langu ananishonea mama. Kama wewe huna mama nitamwomba wangu akushonee, ila usubiri amalize kazi." Chini, majina yangu yote matatu na shule yangu. Halafu maneno ya mwandishi mpya: ameikuta barua hii kwenye boksi ofisini, na hadithi nzima ameijenga juu yake. Anamshukuru mtoto huyo, popote alipo.

Alipo ni pale mbele, ameshika hotuba.

Sikumbuki kuiandika. Shati nalikumbuka. Mama alifariki, huu ni mwaka wa sita sasa. Nikaenda chooni, nikalia kwa muda mrefu, bomba nimelifungulia ili wasisikie. Walisikia.

Niliporudi, tarishi akasema huenda barua hiyo aliibeba yeye. Gego akasema alijua tangu Jumatatu kwamba sijasoma, alikuwa anangoja tu niombe. Ungeniomba kaka, akasema, ningekupa. Akanipa. Kisha wakapiga kura, tatu kwa moja, na mwenyekiti ni yeye. Ile moja niliipiga mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimesoma mara tano. Ni nzuri mpaka inakera. Yule bibi ni mama yangu mtupu, hadi anavyokata uzi kwa meno. Nimemsomea Mama Pacha kwa sauti na sauti ikanikatika mara mbili. Akaniambia nimwombe mwandishi radhi. Nikakubali, nikachukua karatasi.

Hapo nikaona tangazo kwenye jalada la nyuma. Toleo la pili, Tufani atakutana na baba yake, ambaye ni kinyozi.

Kinyozi! Nimeshawapigia simu wote, kikao cha dharura kesho asubuhi, na mwenyekiti atake asitake. Barua imefika ukurasa wa nne. Mama Pacha anauliza kama nina uhakika sikuandika barua nyingine utotoni. Nimemwambia niliandika nyingi sana, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuzifuata.