Baba Mkwe Kwenye Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi
Nimetoka chuoni kusikiliza habari za masomo. Mhadhiri wa saikolojia ametueleza kazi ya wanasaikolojia: kuchunguza jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Wengine wanafanya kazi hospitalini, wengine shuleni, hata viwandani. Nikauliza mtu anasoma muda gani. Miaka! Mimi kinyozi, ninayeshinda na vichwa vya watu mikononi? Nimebandika tangazo kwenye kioo cha kibanda changu: NYWELE, NDEVU NA SAIKOLOJIA.

Jumanne, 5 Machi
Mteja nimempata nyumbani: baba mkwe. Tangu mama mkwe afariki, hasemi zaidi ya salamu. Mke wangu anajifuta machozi akidhani simwoni. Nitamponya mzee! Nimemwambia mke wangu. Kasema niache ujuaji. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemkalisha mzee sebuleni. Kakunja mikono kifuani. Dalili! Nikamweleza anaficha hasira za utotoni. Akasema anasikia baridi, nifunge dirisha. Nikahutubia mpaka akasinzia. Tiba imemwingia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia muuza magazeti ana hofu ya kukataliwa. Katoka mbio, kichwa nusu kimenyolewa. Nimemwita kwa kelele mtaa mzima, kisha nikapoza koo kwa maji ya barafu. Sauti imekauka.

Ijumaa, 8 Machi
Sauti hamna kabisa. Mke wangu mchangamfu ajabu.

Baba mkwe kaja kunyolewa, mara ya kwanza tangu msiba. Nikanyamaza, ningefanyaje? Mara akasema, "Mama yenu ndiye aliyekuwa ananinyoa. Kila mara lazima anikate hapa." Akagusa kidevu. Akacheka. Kisha akalia, akaendelea kusimulia huku analia. Nilikuwa na taulo mkononi, sijui nilipeleke wapi. Nikalitua begani kwake, na mkono wangu ukabaki hapo hapo. Wakati wa kutoka kaniita mwanangu.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kanikumbatia. Eti baba yake kaamka anapiga mluzi. Eti kilichomsaidia ni kupata mtu wa kumsikiliza. Eti nikasome kweli, naweza kuwa mwanasaikolojia mzuri.

Nimelitafakari. Hapana! Ile hotuba ya Jumatano ilichelewa tu kufanya kazi. Chuo kitanipotezea muda. Sauti imerudi, na mzee anakuja kesho: nimemwandalia hotuba ndefu zaidi.

Mke wangu ananiletea maji ya barafu, glasi baada ya glasi. Kaniambia ninywe yote. Ana mapenzi, huyu mwanamke!