Ukuta wa Jiko Usivunjwe Kabla Hewa Haijapimwa

Kisangani, Alhamisi

Bwana Shefu wa Mtaa,

Mimi Papa Augustin, mwalimu mstaafu wa fizikia, nakuandikia kwa heshima kuhusu ukuta wa jiko letu. Watu wako waliupima kwa utepe, wakasema umeingia sentimita kumi na mbili katika kiwanja cha jirani yetu Papa Mahmoudi, na kwamba utavunjwa Jumamosi. Mama Delphine, mke wangu, hupika lituma humo, zile ndizi zetu za kuponda. Tangu habari hiyo ifike jiko halijawashwa, nami nakula mkate mkavu.

Malalamiko yangu:

1. Utepe haujui hewa. Kiwanja chetu kina upana wa mita ishirini, nami nilipojenga ukuta niliupima kwa kifaa cha leza kutoka nguzo ya mpaka wa upande wa pili. Mwanga hupita hewani polepole kidogo kuliko mahali patupu, na mwendo wake hubadilika kwa joto, mgandamizo na unyevu. Kifaa hukisia hewa ya nyuzi joto ishirini. Siku ile zilikuwa thelathini na mbili. Lazima kurekebisha. Niliwaeleza watu wako haya kwa saa moja na nusu. Mmoja alisinzia, kama wanafunzi wangu wote.

2. Nilifanya hesabu: hewa ilileta robo ya milimita. Zimebaki milimita mia moja na kumi na tisa na robo tatu, ambazo nashuku zimeletwa na moshi wa samaki anaowakausha Papa Mahmoudi. Nilipomwomba azime moto, alinijibu mbele ya watu: "Bon, Papa Professeur, sasa hata hewa iko na mupaka?" Mke wangu ndiye aliyecheka zaidi.

3. Naomba tupime upya: moto uzimwe, pikipiki zisimame, maporomoko ya mto Tshopo yafungwe saa moja kwa sababu ya unyevu, na mtaa mzima uzuie pumzi nikibonyeza kitufe. Nitahesabu hadi tatu, taratibu.

Nisalimie nyumbani kwako, ofisini kwako, na yule aliyesinzia.

Jirani yenu mwenye subira,
Augustin

N.B. Nilipokuwa nikitafuta bahasha, Mama Delphine aliniuliza mshale mdogo kwenye kioo cha kifaa ni wa nini. Unaonyesha kwamba kinahesabu kuanzia puani, yaani mbele yake. Mimi niliegemeza mgongo wa kifaa kwenye nguzo. Tumekipima kwa utepe wa kushonea wa Mama Delphine: urefu wa kifaa ni sentimita kumi na mbili. Ukuta uvunjwe, ila baada ya chakula cha mchana. Ile robo ya milimita nimeihesabu tena; nayo ni ya Papa Mahmoudi.