Majoka Ndani ya Kifuko cha Biblia

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Berchem.
Mimi Mwamba, miaka kumi na tisa, muntu mwenye akili kushinda Brussels nzima (shule ndiyo iliniacha, si mimi niliiacha), nimepata njia. Aaron wa mtaa wa Saint-Gilles amenikopesha roman, kitabu cha hadithi. Vijana wawili wa kiume, wapanda majoka, Ilan na Sorel. Wanapendana. Vita inawatenganisha. Maman akiiona, ataita kikundi chote cha maombi waje kunikemea. Na akiuliza huyo Aaron ni nani kwangu? Donc, basi: Biblia yangu chini ya kitanda, roman ndani ya kifuko chake cha ngozi, kile cha zipu. Akili hiyo!

Jumatano, 5 Novemba.
Ndani ya tram. Sorel anamfunga Ilan kidonda, anamwachia koti lake, anaondoka. Nililia. Mimi! Na kamasi. Kiti cha nyuma: Maman Laetitia, rafiki wa Maman. Aliona kifuko, aliona machozi. Aïe.

Alhamisi, 6 Novemba.
Imetangazwa kote kwamba mutoto mwanaume wa Pétronille (ndiye Maman) ameguswa na Roho. Maman alinipikia kuku mzima. Pasta Tharcisse anataka ushuhuda Jumapili. Nilisema koo linauma. Maman akasema Musa alikuwa na ulimi mzito na alienda tu.

Jumamosi, 8 Novemba.
Sikula. Maman alichukua kifuko akipanguze vumbi, akajifungia nacho chumbani mchana kutwa. Alitoka macho mekundu. Vumbi ni kitu kibaya.

Jumapili, 9 Novemba.
Kanisa letu, karibu na stesheni ya Gare du Nord. Nikatoa nilichokijua: vijana wawili, vita, koti moja. Majoka niliyaita majaribu. Watu walilia! Halafu Pasta akauliza hiyo ni sura gani. Nimekwisha! Ghafla Maman akaruka, akaanzisha wimbo kwa sauti ya kuvunja vioo, kanisa zima likamfuata. Sura ikasahaulika. Mimi nina bahati, we!

Jumatatu, 10 Novemba.
Maman alikuwa anakoroga sombe, majani ya muhogo. Bila kugeuka, aliuliza kama Aaron anakula sombe; kama anakula, aje Jumapili. Na alete tome ya pili, kitabu kinachofuata, maana yeye hana amani mpaka ajue kama Sorel anarudi. Nilijibu simjui Aaron yeyote. Maman alicheka, akaongeza chumvi.
Humu nyumbani sijawahi kulitaja jina hilo! Limeandikwa kwa kalamu ukurasa wa kwanza wa roman, basi, na roman ilikuwa ndani ya zipu.
Nimefikiri sana. Jibu ni moja tu: Maman ni nabii.
Bon. Na nabii naye anadanganywa. Tome ya pili nitaificha ndani ya kifuko cha Biblia ya Papa, baba yangu.