Gari Lisiloibika

Jumatatu, 2 Juni

Balaa! Bima imesema gari letu ni rahisi mno kuibwa. Halina ufunguo wa kuchomeka. Rimoti ikiwa karibu, milango inafunguka, unabonyeza kitufe, linawaka. Kumbe wezi wana kifaa cha kunasa mawimbi ya rimoti kutoka nje ya ukuta, nawe umelala fofofo! Mkaguzi anakuja Alhamisi. Asiporidhika, bima italipa tukigonga tu. Gari likiibwa, tutajijua wenyewe. Mama kasema hawezi kuishi roho mkononi, ataliuza. Na aliniahidi kunifundisha udereva likizo hii! Nimeapa kuliokoa. Kimyakimya. Mimi kusema siwezi, ila kutenda natenda.

Jumanne, 3 Juni

Bati huzuia mawimbi, tulifundishwa darasani. Jana jioni nikatia rimoti kwenye kopo la biskuti, nikasimama nalo kando ya gari. Mlango haukufunguka! Mimi bingwa. Tatizo: sikuwaambia wengine. Asubuhi Mama kapekua nyumba nzima, sare alizowashonea wateja zimefungiwa kwenye buti la gari. Dada ndiye aliyeiona rimoti, akitafuta biskuti. Kasema eti siku nikificha na akili zangu nimwambie, atanisaidia kuzitafuta. Nimenuna mpaka sasa.

Jumatano, 4 Juni

Mjomba, fundi umeme wa magari, ana dawa: swichi ya kukata umeme wa pampu ya mafuta. Ukiizima, mwizi hata awe na rimoti kumi, gari haliwaki. Kafunga yeye, mahali nimechagua mimi: chini ya kiti cha dereva, nyuma ya visigino. Kaniusia nimwonyeshe Mama. Aa, siri ya watatu si siri! Nimeizima, nimenyamaza.

Alhamisi, 5 Juni

Mkaguzi kafika. Mwanamke wa makamo, suti, miwani, uso mkavu kama kuni. Akaketi kwenye usukani alisogeze gari apige picha. Akabonyeza. Wapi! Akabonyeza tena. Mama akanitazama. Dada akanitazama. Ningesemaje? Samahani mama, naomba nipapase nyuma ya miguu yako? Nikabaki kuvikodolea macho viatu vyake. Mama akampigia Mjomba, naye akacheka kwanza, ndipo akasema. Mkaguzi akainama, akapapasa, tik! Gari likanguruma. Na yeye akacheka! Kasema katika kazi yake yote hajaona gari ambalo hata mwenyewe hawezi kuliiba. Limepita! Bima ya wizi tunayo! Mama kanivuta sikio kisha kanikumbatia, bila kuliachia sikio. Kaniapisha: kuanzia leo sigusi gari bila kumwambia. Nimeapa.

Ijumaa, 6 Juni

Kesho asubuhi somo la kwanza la udereva! Mama kaahirisha wateja wote kwa ajili yangu. Dada, kwa wivu wake, kasema eti wezi wa siku hizi hawahangaiki kuwasha, wanalivuta gari mpaka kwenye lori, kwaheri. Ananitania tu, najua. Lakini tahadhari haina hasara. Nimeng'oa gurudumu moja, liko chini ya kitanda changu. Gari limekaa juu ya matofali, limetulia tuli. Mama yuko jikoni anaimba, hajui tulivyo salama. Nitamwambia kesho, akishafunga mkanda.