Hita ya Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Juni 1981

Naanza shajara hii kwa Kiswahili nilichojifunza dukani kwa mjomba wangu, Unguja. Nyumbani tunasema Kikomori, sokoni Kimalagasi. Rabiata, mke wangu, akiiona ataelewa nusu tu. Naomba iwe ile nusu nzuri.

Mama Mkwe, Bi Mariamou, anakuja keshokutwa kutoka kisiwa cha Nosy Be. Aliumia nyonga. Daktari ameagiza aoge maji ya moto kila asubuhi. Nyumba hii ya mtaa wa Mahabibo ni yake. Mimi nimeingia kwa ndoa. Jikoni ipo hita ya gesi, ya kupasha maji ya bafuni, aliyoinunua kwa Mfaransa mmoja aliyekuwa anahama. Umri wa hita hiyo na wangu ni mmoja. Siku nyingine inafanya kazi vizuri. Siku nyingine kile kimoto chake kidogo kinachowaka muda wote kinazima mtu yuko katikati ya kuoga, gesi inajifunga, na maji yanakuja baridi.

Rabiata anataka tumwite Fazul, kaka yake, fundi bomba. Nikamwambia nyumba yenye mwanamume haihitaji fundi.

Nimeifungua. Nimesafisha pua ya gesi, nimebadilisha mpira, nimezungusha skrubu niliyoikuta. Imewaka. Sijui kipi kimeiponya. Nimevishukuru vyote.

Jumanne, 9 Juni

Duka la jirani limepata sigara, baada ya wiki mbili bila hata moja. Nilimwapia Rabiata kwamba nimeacha. Basi asubuhi, yeye akiwa bafuni, nikajiiba jikoni na kuwasha moja. Nikafungua mlango wa uani moshi utoke.

Hita ikazima. Rabiata alikuwa na sabuni machoni. Alisema mengi kuhusu ukoo wangu.

Nimefikiri sana. Bila shaka ni jirani yetu Ansoifa, anavuta maji yetu. Nimekwenda kumwomba kwa heshima asifungue bomba lake asubuhi. Amenijibu kwamba bomba lake ni kavu tangu Ijumaa.

Alhamisi, 11 Juni

Mama Mkwe alifika jana, anachechemea, na zawadi ya vanila kwa ajili yangu. Sikustahili.

Leo sikuthubutu kuitegemea hita. Nimechemsha maji uani kwa mkaa, nikapanda kigoda nyuma ya bafu, nikayamimina kwa faneli ndani ya bomba la bafu nililolikata jana. Masufuria matatu. Vidole viwili vimeungua. Mama alitoka akiniombea dua. Sijawahi kuombewa dua ndefu kiasi kile.

Ijumaa, 12 Juni

Fazul alikuja kumwamkia mama yake. Akanikuta juu ya kigoda.

"Shemeji, shuka," akasema.

Hakucheka. Ameunga bomba, kisha akaketi jikoni na kikombe cha kahawa, akiitazama hita. Nikamuuliza ataanza lini. Akasema ameshaanza: hagusi kitu mpaka aione ikikosea mbele ya macho yake. Saa nzima imewaka bila kutikisika. Niliona aibu kwa niaba ya Fazul.

Jumamosi, 13 Juni

Fazul amerudi. Mama bafuni, hita inawaka. Fazul akatoka barazani kusuuza kikombe. Nilikuwa na sigara moja ya mwisho. Nikaiwasha, nikafungua mlango.

Kimoto kikazima.

Nikageuka. Fazul alikuwa amesimama na kikombe chake. Akanitazama mimi, akautazama mlango, akaitazama hita. Akafunga mlango, akakiwasha. Akafungua, kikazima. Mara tatu. Nikaitupa sigara uani.

Rabiata akaja ananusa, akauliza moshi ni wa nani.

"Wangu," akasema Fazul, ambaye hajavuta sigara tangu azaliwe.

Akakata kopo la maziwa, akalifunga kwenye hita kuwa kinga ya upepo. Kazi ya dakika kumi. Mwenyezi Mungu amzidishie.

Jioni Mama Mkwe aliniita. Akasema maji ya Alhamisi yalikuwa na vipande vya mkaa ndani.

"Mwanangu, tangu mume wangu afariki, hakuna aliyenichemshia maji kwa mikono yake."

Nikaanza kumwambia kwamba tangu mwanzo hita ilikuwa inazimwa na mimi. Akasema na hilo analijua, ukuta wa bafu ni mwembamba. Akanimiminia chai mwenyewe.

Jumapili, 14 Juni

Siku njema. Maji ya moto, mke ametulia, Mama anatembea mpaka barazani.

Ansoifa amekuja. Friji yake ya mafuta ya taa siku nyingine inagandisha, siku nyingine haigandishi, na kesho anapokea samaki wa harusi ya binti yake. Alikuwa anamtafuta Fazul. Lakini Fazul amenitendea wema mwingi wiki hii, na shukrani ya kweli ni kumwacha apumzike. Nikamwambia Ansoifa matatizo ya moto sasa nayajua.

Nimeshaifungua. Nimebadilisha utambi, nimekaza kila kilicholegea na kulegeza kilichokazwa. Haijapoa bado. Nimemwambia alete samaki wote.